Matawi ya Jana

Saa tatu na dakika kumi asubuhi kobe ameingia lami kutokea upande wa milingoti, ile mikaratusi, na Ketrina bado hajaondoka, mambo mawili ambayo sikuyapangia, mimi nilipanga barabara tupu, mimi peke yangu juu ya gogo hili, kikapu miguuni, matawi makavu nimeyatandaza tangu alfajiri kwenye njia ya kushukia, na lori la Brayson likija kutoka Itumba na makaa yake ya mawe kama linavyokuja kila Jumanne, basi, sasa kuna kobe, na kuna Ketrina na beseni lake la parachichi anasubiri Noah ya kwenda Mpemba, Noah ambayo siku zote inapita mapema, leo imekwama wapi sijui, na Ketrina anasema, Mama Lusubilo, kobe wako huyo, kaja kukusalimia, na mimi nasema, Mwache, na yeye anasema, Kwani nimemgusa? na anacheka peke yake... kobe wangu, siku hizi kila kobe wa mtelemko huu ni wangu, zamani walikuwa wa Mika, mume wangu, na alipokufa watu waligawana panga na viatu vyake na jembe, na mimi nikabaki na pikipiki iliyopinda na kobe wote wa barabara ya Mpemba... mvua ya kwanza ilinyesha juzi, ndiyo maana ametoka, Mika alikuwa anasema mvua ya kwanza ikipiga wanashuka kutoka milingotini kwenda kule bondeni kwenye majani mapya, wanapita hapa hapa kwenye kona, walikuwa wanapita kabla lami haijaja na hawajaambiwa kwamba imekuja, nilipaswa kukumbuka hilo, miezi mitano nimekumbuka kila kitu isipokuwa hilo... anatembea, anasimama, anatoa shingo, lami imeshapata joto, na Ketrina anaendelea na habari za Nakonde, jana yule Mzambia wangu kaniambia, bamayo, parachichi zako ngumu kama mawe, nikamwambia, baba, mawe hayana bei hii, ungeenda mtoni ukaokota, na mguu wangu umesogea wenyewe ukagusa kikapu, mawe, mawili, nimeyatoa pale penye kalavati Jumapili baada ya ibada, kila moja nimelibeba kwa mikono miwili, nimeyafunika kitenge, na Ketrina alipofika asubuhi aliniuliza, Umebeba nini humo, mbona kikapu kimelala chini hivyo? nikasema, Viazi, akasema, Si utanipa viwili nichome nikifika Mpemba, nikasema, Vya mbegu... nikisikia honi ya kona ya juu nitakuwa na muda, anapiga honi mara tatu pale juu, fupi, fupi, ndefu, kisha anakaba injini, lori linaguna mtelemko mzima kabla halijatokeza hapa, nimelisikiliza Jumanne zote hizi, muda unatosha mtu kuinuka, kuvuka nusu ya barabara, kusukuma mawe mawili chini ya matawi na kurudi kukaa, nimejaribu kwa mikono mitupu, unatosha na unabaki, lakini kwa Ketrina hapa hautoshi, Ketrina ana macho mbele na nyuma, Noah, njoo, njoo umchukue huyu mwanamke... na matawi yako sawa, hilo nimelithibitisha, tangu alfajiri magari yamepita juu yake bila kupunguza mwendo, lori la mbao, gari mbili ndogo za kutoka Isongole, pikipiki ya mwalimu, kwa sababu kila anayeshika usukani nchi hii anajua kusoma matawi, ukiona matawi mabichi barabarani ujue mbele kuna gari limekufa, mwenyewe yuko uvunguni, unapunguza, unakwenda polepole, na ukiona makavu, hayo ni matawi ya jana, gari lilishatengenezwa likaondoka na mwenyewe hakuona sababu ya kuyatoa, unayakanyaga unapita, ndivyo walivyo, wanaacha matawi na mawe waliyozuilia matairi, wote, na mimi hayo matawi niliyakata wiki mbili zilizopita nikayaanika nyuma ya choo kama mtu anayeanika mboga, mwanangu Lusubilo akauliza, Mama, kuni gani hizi za majani? nikamwambia, Za kuwashia... ya jana, nimeyatengeneza mimi matawi ya jana... kobe amefika mstari mweupe, na Ketrina anasema, Tazama mwendo wake, kama mkwe anayekwenda kuomba msamaha, na mimi kidogo nicheke, si leo, leo sicheki... Brayson naye alikuja kuomba msamaha, hapana, hakuomba, alikuja msibani na gunia la mchele wa Kamsamba begani, akalitua mbele ya wanaume, akalia, wanaume wakamshika mabega wakamwambia, Ni ajali, kijana, ni ajali, jikaze, yeye ndiye aliyeshikwa mabega, mimi nilikuwa ndani juu ya mkeka nimefunikwa kanga na nilisikia kila neno, nilimsikia akisema, Wazee wangu, panga lilibaki Itumba, ningekatia nini matawi? na wazee wakasema, Kweli, na mchele ulipikwa, na mimi niliula, nilikuwa sijui chakula kimetoka wapi, niliula mchele wake... panga, ukungu wa Juni ulikuwa umekaa juu ya kona hii kiasi kwamba ukinyoosha mkono huoni kidole, lori lake lilikufa hapa chini ya kona, kwenye njia ya kushukia, hatua chache kutoka pale alipo huyo kobe, na yeye hakuweka tawi, hakuweka jiwe, hakuwasha taa, alipanda juu akakaa, na Mika alikuwa anashuka na ndoo mbili za parachichi, moja kila upande wa pikipiki, akaligonga kwa nyuma, na Ketrina huyu huyu anayesema sasa hivi kwamba atamkomesha Mzambia wake ndiye aliyefika wa kwanza, ndiye aliyeniambia, si siku ile, baadaye, tulikuwa tunapalilia, akaniambia bila kuinua kichwa, Mwenzangu, nilipofika pale kikombe chake cha chai kilikuwa juu ya dashibodi kinatoa moshi... kinatoa moshi, alifungua chupa, akamimina, labda akapuliza, alikuwa na muda wa chai, na milingoti hii ilikuwepo, haikuja jana, inainamia barabara, matawi yanagusa vichwa vya wapita njia, na yeye akasema panga, na askari walipima lami kwa miguu yao wakaandika mwendo kasi, mwendo kasi, Mika, mtu aliyesimamisha barabara nzima kwa ajili ya kobe, marehemu alikuwa katika mwendo kasi, ndivyo walivyonisomea, na mtu anayesoma alikuwa anatafuna kashata... na parachichi zilitapakaa mpaka kwenye mtaro, watu wakaokota, Ketrina aliokota zake akazileta kwangu kwenye kanga yake, zimepondeka, akasema, Nimeziokoa hizi tu, sijui kwa nini nilizihesabu kama mali... kobe amesimama, amerudisha shingo, nenda basi, nenda, upite, wewe ulikuwa ukivuka na Mika akisubiri, mimi sina muda wa Mika, Mika alikuwa na muda, alikuwa anapaki pikipiki pale, anavunja matawi, anatandika juu ya kona na chini ya kona, halafu anakaa kwenye gogo hili hili na kusubiri, hakuwa anamwinua, alikuwa anasema kobe ukimwinua anamwaga maji yake yote kwa hofu, na hayo ndiyo aliyokunywa tangu masika, utamvusha barabara akafe kwa kiu ng'ambo, na akasema watu wema ndio wabaya zaidi kwa kobe, wanashuka garini, wanamchukua, wanamrudisha alikotoka, wanafuta mikono wanaondoka na furaha yao, na kobe anageuka anaanza upya, na gari linalofuata linampata, na kweli nilishaona gamba hapa, limefunguka vipande viwili... na madereva walikuwa wanamtukana, Mzee, unanisimamishia tani thelathini kwa ajili ya mdudu? na Mika anawajibu, Hana honi huyu, basi hivyo tu, hana honi, na Brayson alikuwa mmoja wao, nilikuwepo, nilikuwa nimemletea Mika uji, Brayson alisimama kwenye matawi mabichi, akashuka, akaweka mikono kiunoni, akasema, Trafiki wa kobe, leo unaniandikia kosa gani? na Mika akasema, Kaa, kijana, unywe uji, na Brayson alikaa, alikunywa uji wa mume wangu kwenye kikombe cha mume wangu na kobe akavuka kwa nafasi yake, kwa hiyo anajua, anajua matawi ni nini, hakuna dereva barabara hii anayejua kuliko yeye kwamba matawi ya hapa yanavunjwa kwa mkono, alimwona Mika akiyavunja... na sasa kila Jumanne anapita hapa, anatoa kichwa dirishani, anasema, Shikamoo mama Lusubilo, kwa sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri, na mimi nimeitika marahaba, mara zote, mdomo unaitika wenyewe, marahaba, marahaba, leo sitaitika, leo mguu wake utakuwa kwenye breki na usukani umemponyoka na pale mbele hakuna ukuta, kuna nyasi, halafu kuna bonde... Mama Lusubilo, hunisikilizi, anasema Ketrina, nasema, Nakusikiliza, anasema, Nimesema nini? nasema, Mzambia, anasema, Mzambia nilimaliza zamani, nimesema kobe wako kaingia kwenye matawi... ameingia kwenye matawi, kweli, hayuko kwenye mstari, nimepoteza macho kidogo tu na ameingia, nusu ya gamba iko nje na nusu imefunikwa na majani yangu makavu, pale pale, mahali ambapo mawe yangekaa, ametafuta kivuli, mjinga, lami yote hii na umechagua hapo, lami ina joto na yeye ameona majani, majani kwake ni majani, hajui ya jana na ya leo... pikipiki inapanda kutoka Mpemba, upande mwingine, inapita, mtu na mtungi wa gesi, haikutuangalia, ingekuwa inashuka ingepita juu yake, matawi ya jana, unakanyaga unapita, na mtu akija kuona gamba limefunguka atasema nani, atasema madereva, hakuna atakayesema mimi... Ketrina anainuka, anajifunga kanga upya, anasema, Ngoja nimtoe mimi, nimrudishe kule porini kabla hawajamsaga, nasema, Kaa, anasema, Gari halipo, nasema, Kaa, Ketrina, usimrudishe, anageuka kunitazama, anasema, Basi nenda wewe, wewe ndiye Mika wake wa pili, na tena ukavunje matawi mabichi kama marehemu, haya makavu nani anayaheshimu, hata mimi nisiye na leseni ningeyakanyaga... marehemu, anasema neno hilo kama mtu anayetaja jina la jirani, na amekaa tena, na anasogea, anasema, Sogeza kikapu chako basi nipate pa kuweka mguu, nasema, Acha kikapu, na hapo ndipo inapigwa... fupi, fupi, ndefu, kona ya juu, na Ketrina anasema, Huyo mpenzi wako wa shikamoo anakuja, na hapo hapo anajuta, anashika mdomo, anasema, Samahani mwenzangu, na mimi sijakasirika, nimesimama, sijui nimesimama saa ngapi, kikapu kiko mkononi, kizito, kimeninyoosha bega, anakaba injini, naisikia inaguna, muda upo, Ketrina ataona, aone, atanyamaza, alinyamaza kuhusu chai mpaka alipoona wakati wake, atanyamaza na hili, kobe ndani, basi kobe naye, kobe mmoja, Mika angesema hana honi, Mika hakuwa na honi pia, pikipiki yake honi ilikufa tangu Pasaka, hakuna aliyemwonea huruma, nenda, Tusekile, najiambia, nenda sasa, weka, rudi, kaa... naliona, nimeliona mara nyingi hata sihitaji kufumba macho, tairi la mbele linapanda juu ya jiwe, linaruka, kichwa cha lori kinageukia bonde, makaa yanamwagika meusi kwenye nyasi, halafu kimya, halafu watu, watu wanakuja na ndoo na magunia kuokota makaa kama walivyookota parachichi, na askari wale wale wanakuja, wanapima lami kwa miguu yao, wanaona mawe mawili na matawi makavu na wanasema nini, wanasema hawa madereva, wanaacha mawe barabarani, wanaandika... wanaandika mwendo kasi. Wataandika mwendo kasi. Kwake pia, maneno yale yale, Brayson na Mika kwenye mstari mmoja, marehemu alikuwa katika mwendo kasi, na mtu mmoja atapeleka mchele Itumba na wanaume watamshika mabega, ni ajali, ni ajali, na yeye atakuwa chini hajui, hatajua nani, hatajua kwa nini, atakufa anafikiri ni bahati mbaya, atakufa na panga lake Itumba na wazee wakisema kweli, nimpe hilo? miezi mitano sijalala nimpe bahati mbaya kama zawadi, aondoke bila kusimama, yeye ambaye hajawahi kusimama hapa tangu siku ile, anapita, anasema shikamoo, anapita, hapana, hapana, sitaki apite tena hata kwa kuanguka, nataka asimame, hapa, nataka azime injini, ashuke kwa miguu yake kwenye lami hii, nataka aketi kwenye gogo la Mika na kobe achukue muda wake wote, na asiwe na chai, na anitazame...

Nimekitua kikapu. Nimevuka. Nakimbia kwa juu, mpaka kwenye kona yenyewe, mahali dereva anapoona mapema, injini inaguna karibu zaidi, Ketrina ananiita nyuma, Mama Lusubilo, unakwenda wapi, sijibu, mlingoti wa kwanza, tawi linanigusa uso, nalishika kwa mikono miwili na kujining'iniza, linapinda, linalia, linakatika, mara moja, kama ugali unavyokatika, mwanamke wa miaka arobaini na mbili ambaye hana panga, hana hata kisu, tawi la kwanza limekatika, la pili limekatika, la tatu, mikono inanuka ile dawa ya kifua, utomvu, majani mabichi, nayaburuta, nayatandaza njia nzima ya kushukia na mengine upande wa kupanda, ndivyo Mika alivyokuwa anatandika, na nimesimama pembeni na tawi moja mkononi, hili sijaliweka chini, hili nimelishika kwa upande uliovunjika, nyuzi zake nyeupe zimechomoza na zina maji... kule chini Ketrina ameacha kuniita, nageuka, amefunua kitenge, ameinama juu ya kikapu na mkono mmoja umebaki hewani, anatazama viazi vyangu, kisha ananitazama mimi, kisha anatazama matawi makavu, halafu anakifunika tena kitenge, anakikunja vizuri pande zote mbili, na kukaa mbele ya kikapu, mgongo wake kwangu... lori limetokeza, ni lake, turubai la bluu, ameona, naona kichwa cha gari kinainama, breki zinapumua, anapunguza, anapunguza, anatafuta kwa macho gari lililokufa na halipo, kuna mimi, na anajua mahali hapa ni wapi, uso wake umejua kabla ya mguu, amefika kwenye matawi na hawezi kuyakanyaga, mabichi, hakuna dereva anayekanyaga mabichi, amezima injini, kimya, sikujua kwamba kona hii ina kimya hiki, anafungua mlango, anashuka, ana ndala miguuni, ni mdogo kuliko nilivyomweka kichwani, amenyoa, anatazama chini ya barabara anaona gamba kwenye majani na anaelewa, na anataka kutabasamu na hawezi, anasema, Shikamoo mama Lusubilo, na mdomo wangu unafunguka, na nimeufunga. Sijaitika. Anangoja. Najua anangoja nini, mtu akikosa marahaba anabaki na shikamoo yake mkononi, hana pa kuiweka. Anasema, Ni kobe? na mimi nimenyoosha mkono na kumpa tawi, upande uliovunjika ukiwa kwake, na amelipokea kwa sababu mkubwa akikupa kitu unapokea, kwa mikono miwili, amelitazama, amepitisha kidole gumba kwenye nyuzi, ametafuta alama ya panga na haipo, ametazama viganja vyangu, ametazama milingoti, moja baada ya nyingine mpaka mwisho, na mimi nimesema maneno niliyokuwa nayo, hayakuwa mengi, nimesema, Nimevunja kwa mkono. Kaa pale kwenye gogo umsubiri.

Saa tatu na nusu Brayson amekaa kwenye gogo, tawi likiwa mapajani. Kobe hajavuka.